Shimo la Maganda

Pwa. Pwa. Maganda ya makemba yalikuwa yakianguka ndani ya beseni, moja baada ya jingine, na nje bado kulikuwa giza.

Mama Kavugho hakuhitaji taa ili amenye ndizi. Moto nao alikuwa nao. Jana jioni alifukia makaa kwa majivu, sasa akayafukua, akapuliza mara mbili, yakawaka bila kibiriti na bila kukata kijiti kipya. Maji aliyonawia uso aliyaweka kando, yangeenda kwenye mboga zake za lengalenga nyuma ya nyumba. Jikoni kwake hakuna kitu kilichotoka bila kupewa kazi ya pili.

Hayo hakufundishwa na mradi wowote. Kwao ni upande wa Lubero, kwenye vilima ambako shamba la mtu ni jembamba kama kitenge kilichotandikwa, na ganda la ndizi halitupwi hovyo. Alipoolewa na Nzanzu, muuza chumvi na sabuni, akamfuata hadi Ntoto, katika msitu wa Walikale, alishangaa kuona watu wakitupa uchafu wao mtoni. Ardhi ya Ntoto ilikuwa nyingi. Mtu akichoka na shamba, alifyeka msitu mwingine. Kavugho akamwomba mumewe amchimbie shimo la mbolea, na Nzanzu, aliyekuwa hajui kumkatalia, akachimba shimo la kina cha karibu watu wawili. Duka liliporwa, Nzanzu akafa kwa homa, shimo likabaki.

"Wengine waliachiwa nyumba ya mabati," jirani yake Godelieve alikuwa akimtania, "weye bwana yako alikuachia shimo!"

"Na lengalenga unazokula kila wiki zinatoka wapi, Mama Gode?"

"Ndiyo maana sichoki kulisifu."

Walicheka hivyo miaka mingi. Mama Kavugho hakusahau kwamba Nzanzu alipokuwa mgonjwa, Godelieve ndiye aliyekuwa akimletea maji kila jioni bila kuombwa.

Mwaka huo vita vilikuwa vimeshuka tena kutoka vilima vya Masisi, na wiki hiyo wenye bunduki walikuwa wameingia Ntoto. Walichukua nyumba tatu zilizopakana na uwanja wa Mama Kavugho. Walichinja mbuzi wa watu, matumbo na mikebe wakavitupa kwenye kijito ambako wanawake walichota maji ya kunywa. Asubuhi hiyo, alipokwenda kuchota, alikuta utumbo umenasa kwenye jiwe, umejaa nzi. Wanawake walisimama na madumu yao matupu.

"Mimi nitaenda kumwambia Komanda," alisema Mama Kavugho.

"Usijaribu," alisema Godelieve.

Akaenda. Komanda alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti. Alipomwona mama mzee alisimama, akampa kiti chake mwenyewe. Mama Kavugho alikuwa mtu wa kukumbuka mema, na kiti hicho alikiweka moyoni.

"Komanda, tunaomba vijana wasitupe taka mu maji. Watoto wataumwa tumbo. Kwangu iko shimo. Nimetoka kulimaliza, mbolea yote nilipeleka shambani, kwa hiyo iko wazi. Walete taka yote kule."

"Yote?"

"Yote, Komanda."

Komanda akamfuata hadi uani. Alizunguka shimo, akashusha fimbo ndefu kupima kina, akagonga ukuta wa udongo kwa buti.

"Nani alichimba?"

"Marehemu bwana yangu."

"Alichimba muzuri. Kuta hazianguke." Akamgeukia, akamshika bega. "Mama, wazee kama weye njo tunatafuta. Uko na akili."

Siku hiyo Mama Kavugho alitembea kama aliyepewa zawadi. Aliwaambia wanawake kijitoni, nao wakampongeza. Kesho yake vijana walikuja na miti mizito, wakaipanga juu ya mdomo wa shimo. Alidhani wanaziba mbuzi wasianguke. Akawapikia uji.

Ijumaa, siku ya soko, alifika Narcisse.

Narcisse alikuwa kijana wa kutoka Karuba, kwenye malisho ya Masisi, na alikuwa akishuka Ntoto kila mwezi na kikapu cha fromaji, jibini za maziwa ya ng'ombe wa mama yake, kila moja imefungwa kwa majani ya mgomba. Mfuko wa plastiki unaitoa jasho, alikuwa akisema, na ukishautupa hauozi. Alirudi na mafuta ya mawese. Na kila safari alimbebea Mama Kavugho kitu ambacho hakuna mwingine angekibeba: mfuko mdogo wa mavi makavu ya ng'ombe, kwa ajili ya shimo lake.

"Siku mbili kwa miguu na mavi mgongoni," alikuwa akicheka. "Mama yangu Mukagasana anauliza kama nimepata mchumba Ntoto. Namwambia ndiyo, iko mzee kidogo."

Siku hiyo walimsimamisha kwenye kizuizi karibu na soko. Alikuwa ametoka upande wa pili wa vita, na hilo peke yake lilitosha kuwatia shaka. Fromaji walizigawana. Kisha wakafungua mfuko.

"Hii nini?"

"Mavi ya ng'ombe, wakubwa."

"Muntu anatembea siku mbili na mavi?"

"Ya shamba ya Mama mumoja hapa."

Hawakuamini. Nani angeamini? Walimwaga mfuko wote barabarani, wakavunja yale mavi kwa vitako vya bunduki wakitafuta barua, wakitafuta risasi, na kadiri walivyokosa ndivyo walivyozidi kukasirika. Wakampiga mbele ya soko zima. Mama Kavugho alipenya kati ya watu akafika mbele.

"Komanda! Ni yangu! Mavi ni yangu, ya mbolea! Huyu kijana ni muntu muzuri, ananiletea tu!"

Komanda alikuja polepole, akala kipande cha fromaji, akafuta vidole.

"Ni ya shimo lako, Mama?"

"Ndiyo, Komanda. Ya shimo."

"Basi yataingia mu shimo. Na mwenye kuyabeba ataingia nayo." Akatabasamu kwa upole ule ule. "Si ulisema taka yote?"

Waliinua miti miwili, wakamsukuma ndani, wakairudisha, wakaweka mawe juu. Mama Kavugho alibaki uani kwake, mita kumi kutoka jikoni kwake, akisikia mtu akilia kwa Kinyarwanda ndani ya ardhi.

Amri ilikuwa fupi: mtu wa shimo hali. Atakayempa chakula ataingia naye.

Usiku huo Mama Kavugho hakulala hadi jogoo. Alimenya makemba kwa sababu mikono ilikuwa haijui kufanya kitu kingine, na kulipokucha alijikuta amesimama uani na beseni la maganda kiunoni, hajui aende wapi. Mlinzi aliitwa Archange. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu zenye mvi kidogo, aliyekuwa fundi wa mbao kabla ya kupewa bunduki. Wenzake wawili walikuwa wakiota moto.

"Mama anatafuta mahali pa kumwaga!" mmoja alisema. "Mwaga pale pale. Taka juu ya taka!"

Wakacheka hadi wakakohoa. "Mwaga, Mama! Mwaga!"

Akasogea. Kati ya miti kulikuwa na nafasi ya kupitisha mkono. Akamwaga. Maganda yaliteremka, na chini akasikia mtu akishtuka.

"Mama Kavugho?" Sauti ilikuwa kavu. "Mama, ni weye? Hata weye?"

Alirudi jikoni akaketi, na maneno mawili yale ya mwisho yakamkaa masikioni siku nzima. Lakini kabla ya jua kutua alikuwa ameshaelewa kitu. Wenye bunduki wangemzuia kupeleka chakula. Taka wasingeizuia kamwe. Iliwafurahisha.

Kesho yake alichemsha makemba mawili kwa chumvi, akayafunga kwenye jani, akayaweka chini ya beseni, juu yake maganda, juu ya maganda vikonyo vya sombe, yaani majani ya muhogo, na majivu kidogo. Wale wawili walimngoja kama wanaongoja mchezo.

"Leo umutukane, Mama! Umutukane kwanza!"

Mama Kavugho hakuwahi kumtukana mtu mbele ya watu. Alisimama juu ya shimo, akalikaza beseni kiunoni.

"Kula!" alipiga kelele. "Kula uchafu, mupelelezi! Kula chini kabisa! Mpaka chini!"

Wakajipiga mapaja. Chini palikuwa kimya. Kisha, alipokuwa ameshageuka, akasikia jani likikwaruza, na kimya kingine, kimya cha mtu anayetafuna taratibu ili asisikike.

Siku ya nne Narcisse alijibu.

"Mama mubaya weye!" sauti ilitoka ardhini. "Mungu anakuona! Jana uliweka chumvi nyingi mu uchafu wako!"

Walinzi hawakuelewa, wakacheka tu. Mama Kavugho akamtukana tena kwa nguvu zote, akiwa amejifunika uso kwa kitenge, kwa sababu machozi na kicheko vilikuja pamoja.

Kijiji hakikujua. Kijiji hakiwezi kuambiwa jambo likabaki siri. Watu waliona mzee ambaye kila asubuhi anamwaga uchafu juu ya kichwa cha mtu aliyemletea zawadi, na anamtukana ili wenye bunduki wafurahi. Kanisani benchi lake likabaki na yeye peke yake. Godelieve alikutana naye kijitoni, akageuza uso.

"Mama Gode, salamu."

"Salimia marafiki yako wenye bunduki." Godelieve akatwika dumu lake. "Nimekula lengalenga zako miaka kumi. Leo nataka kuzitapika."

Mama Kavugho akainama, akachota maji yake. Alikumbuka yale maji ya jioni wakati wa ugonjwa wa Nzanzu, akasema moyoni kwamba mtu aliyeleta maji yale ana haki ya kumkasirikia.

Mvua ikaja. Miaka yote alikuwa na mfereji mdogo uliopeleka maji ya paa la jiko hadi shimoni, taka zioze haraka. Mvua ya siku ya sita ilianguka saa nane mchana, na maji yakakimbia kwenye mfereji huo moja kwa moja. Alitoka bila kujifunika, akapiga magoti kwenye tope, akauziba kwa mikono, kwa udongo, kwa mawe, kwa kanga yake ya kichwa. Archange alimwangalia. Alikuwa na haki ya kumpiga. Akasogeza kwa buti jiwe moja kubwa hadi pale, akarudi mahali pake.

Hata hivyo maji yalikuwa yamefika magotini mwa Narcisse, na hayakuwa na pa kwenda. Alisimama ndani ya tope la maganda siku mbili. Miguu ikaanza kumfanya apige kelele za kweli. Basi Mama Kavugho akaleta taka nyingine: mizigo ya majani makavu ya mgomba asimame juu yake, majivu makavu ajipake nyayo. "Mwangalie mchawi!" walisema walinzi. "Sasa anamumwagia majivu kama maiti!" Yeye alitukana, alimwaga, alirudi.

Siku ya nane Archange alikuwa kwenye zamu peke yake. Alimsimamisha, akainua maganda kwa ncha ya bunduki. Jani lilikuwa pale, mvuke ukitoka. Waliangaliana. Mama Kavugho aliona kidole kimoja cha yule mtu kimekatika, kidole cha fundi wa mbao aliyewahi kukosea msumeno, na hakujua kwa nini alikiangalia hicho tu.

Archange akarudisha maganda juu ya jani, vizuri, kama anayefunika mtoto.

"Leo taka iko na moto, Mama," alisema, akageuka kuangalia kijito. "Fanya mbio."

Siku ya kumi na moja, baada ya chakula cha mchana, Archange alikuja jikoni. Hakuingia. Alisimama mlangoni akiangalia miguu yake.

"Komanda anaomba jembe lako. Na pau ya kuchotea udongo."

"Mnalima nini?"

"Kesho asubuhi tunaondoka. Tunaenda upande wa Walikale mjini. Alfajiri shimo litafukiwa."

"Mtamtoa kwanza."

Archange akalitazama jembe lililoegemea ukuta.

"Archange. Mtamtoa kwanza?"

"Mama, hatutembei na mufungwa mwenye miguu imeoza. Na hatuachi muntu nyuma aseme tuko wangapi na tumepita wapi. Komanda amekwisha kusema."

"Basi weye. Usiku. Uko mlinzi, inua tu muti mumoja."

"Usiku tuko watatu. Hawezi kutembea, ningembeba? Asubuhi wakikuta shimo tupu, wataanzia nyumba yako, halafu ya yule jirani, mpaka mwisho wa kijiji." Sauti yake ilivunjika. "Na mimi niko na watoto, Mama. Usiniombe."

Akaenda kwa Komanda mwenyewe. Safari hii alipiga magoti mlangoni. Komanda alimwinua, akamketisha kwenye kiti kile kile. Mama Kavugho alisema yote. Alisema kijana hana kosa, ana mama, ng'ombe zake zinamngoja. Alisema yeye mwenyewe ni mzee, amekula vya kutosha, wamfukie yeye. Komanda alisikiliza hadi mwisho, akitikisa kichwa kwa heshima.

"Mama, ni weye uliyetufundisha usafi," alisema. "Shimo haliachwi wazi nyuma ya watu. Mutoto anaweza kuanguka." Akampigapiga mkono. "Nenda ukamwage taka zako za mwisho. Nimekuruhusu. Kesho haitawezekana."

Alikuwa amebakiza kuku mmoja. Alimchinja, akampika kwa mawese na chumvi, na bugali wa mihogo. Hakuweka maganda juu. Alibeba sahani mikononi, wazi, jua likiwa bado juu ya miti, akapita mbele ya nyumba tatu ambako vijana walikuwa wakifunga mizigo na kugombania masufuria. Hakuna aliyemzuia. Hakuna aliyecheka. Mchezo ulikuwa umekwisha kwao.

Archange alivuta mti mmoja kando, upana wa sahani, akaenda kusimama mbali, mgongo wake kwao.

Mama Kavugho akaketi ukingoni. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya soko aliona uso wa Narcisse: ndevu, macho makubwa, majivu hadi masikioni. Kijana aliipokea sahani aliyomteremshia kwa mikono miwili, kama mtu aliyealikwa.

"Kuku!" alisema. "Mama, leo ni sikukuu? Na hauna tusi hata moja?"

"Leo nimechoka kutukana."

"Nimesikia wanafunga mizigo. Wanaondoka, si ndiyo?"

"Wanaondoka kesho."

"Nilijua!" Alicheka na mdomo umejaa. "Wakienda, utaita watu wanitoe. Miguu ni mibaya, siwezi kudanganya, lakini kwetu Karuba iko mzee anayetibu vidonda. Mama yangu atakuja kunichukua kwa kipoyi, wanibebe mabegani. Atakupenda, Mama. Nitamwambia ulivyonimwagia." Alikula kidogo, kisha akasimamisha mkono. "Siku ile ya kwanza nilikulaani. Usiku mzima. Unisamehe."

Mama Kavugho alishika ukingo wa udongo ambao Nzanzu aliukata kwa jembe.

"Narcisse. Shimo hili, mimi njo niliwaonyesha. Walitupa uchafu mu maji, nikaona nitengeneze. Nikawaleta hapa kwa miguu yangu mwenyewe. Na mavi yale, kama nisingependa mbolea hivyo, usingeyabeba."

Kijana alikwangua sahani kwa kidole, upande mmoja hadi mwingine, akilamba polepole.

"Ungejua namna gani?" alisema mwishowe. "Ulitaka watoto wakunywe maji safi. Mimi nilitaka lengalenga zako zinenepe. Hatukufanya kitu kibaya, Mama. Hata kimoja."

Alitaka kumwambia. Neno lilifika mbele ya meno yake. Akamwangalia jinsi alivyokuwa ameshiba, jinsi mabega yake yalivyoteremka kama ya mtu aliyefika nyumbani, akaona kwamba akimwambia atakuwa amempa usiku mzima wa kungoja. Akalimeza.

"Sali kidogo kabla ya kulala," alisema tu.

"Nitasali. Nitakuombea."

Archange akakohoa. Wenzake walikuwa wanakuja na jembe na pau, kuviweka tayari kwa alfajiri. Mama Kavugho akateremsha mkono kati ya miti hadi bega lilipogonga, na kutoka chini Narcisse akanyoosha wake juu. Vidole vyao vilikutana kwa ncha tu.

"Kesho urudi, Mama," alisema. "Hata kama hauna kitu cha kuleta. Urudi asubuhi na mapema, tuongee. Utarudi?"